Haukuyeyuka: Hotuba Kuhusu Miamba Geu

(Haya ndiyo niliyowaambia wanafunzi na walimu wa jiografia kwenye mkutano wetu. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, wageni wetu wote, habari za asubuhi.

Kabla sijasema lolote, naomba jiwe hili lianze kuzunguka. Lianzie safu ya mbele, lipite mkono kwa mkono mpaka nyuma. Msilitazame tu. Ligeuzeni kwenye mwanga mwone linavyometameta kama magamba ya samaki. Hayo magamba ni madini yanayoitwa maika. Kisha pitisheni kidole gumba juu yake. Mtahisi vinundu vigumu vimejitokeza, vyekundu vya kukolea, kila kimoja kama punje ya mbaazi. Hivyo ni ganeti. Jiwe lenyewe linaitwa shisti.

Sasa nawauliza: jiwe hili lilikuwa nini hapo kwanza?

Lilikuwa tope. Tope laini la chini ya bahari, ambalo ungelishika lingepita katikati ya vidole. Halikuwa na ganeti hata moja. Halikuwa na magamba haya makubwa. Basi ganeti zimetoka wapi? Nani aliziingiza humo?

Nimesikia sauti mbili tatu zikisema, “Liliyeyuka.” Ahsanteni kwa kunijibu, maana hilo ndilo jibu nililoandika mimi nikiwa na umri wenu. Mwalimu wangu alilipigia mstari mwekundu, akaandika pembeni neno moja tu: Halikuyeyuka. Nilikaa na neno lile siku nyingi. Kama halikuyeyuka, punje ngumu imeotaje ndani ya kitu kigumu? Leo nataka mwondoke na neno hilohilo. Halikuyeyuka.

Mnajua makundi matatu ya miamba. Ipo miamba ya moto, iliyotokana na kupoa kwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Ipo miamba mashapo, iliyotokana na mchanga, tope na maganda ya viumbe yaliyotuama na kushikamana. Na ipo hii ya tatu, miamba geu, ambayo vitabu vingine huiita miamba ya metamofiki. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1833, katika maandishi ya mwanajiolojia Mskoti Charles Lyell, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kubadilika umbo. Na mwamba wowote waweza kugeuka: wa moto, wa mashapo, hata uliokwisha kugeuka mara moja au mbili.

Mfikirieni mfinyanzi. Anafinyanga chungu, anakianika, anakichoma. Chungu kikiyeyuka motoni, kazi imeharibika. Hakiyeyuki. Lakini kinachotoka motoni si kile kilichoingia. Kilichoingia ukikitia maji kinarudi kuwa udongo. Kilichotoka kinabeba maji. Udongo umegeuka ukiwa mgumu vilevile, umbo lake vilevile. Naomba mkiweke chungu hiki akilini, tutakirudia.

Ndugu zangu, jambo la kwanza ninalotaka tulishike ni hili: joto peke yake halitoshi.

Chukueni jiwe la chokaa, lichomeni kwenye tanuri hadi nyuzijoto 900 hivi. Mtapata nini? Marumaru? La. Mtapata unga wa chokaa, kwa sababu hewa ya ukaa iliyokuwa ndani ya jiwe imetoroka. Watu wamekuwa wakichoma chokaa hivyo kwa maelfu ya miaka. Sasa katika karne ya 18, huko Edinburgh, Uskoti, mtu mmoja aliyeitwa James Hutton alidai kwamba marumaru ni chokaa iliyopashwa joto ndani ya ardhi. Wapinzani wake walimwuliza swali zuri kabisa: kama ni moto, mbona isiwe unga? Hutton akajibu kwamba huko chini uzito wa miamba iliyo juu unaizuia hewa isitoke. Jibu lilikuwa zuri, lakini hakuna aliyekuwa ameliona kwa macho.

Alikuwa na rafiki kijana, Sir James Hall, aliyetaka kulijaribu. Hutton hakuyapenda majaribio ya namna hiyo. Aliona si haki kupima kazi ya ardhi kwa moto wa jikoni. Hall akamheshimu mzee wake, akasubiri. Hutton alifariki mwaka 1797, na mwaka uliofuata Hall akaanza kazi. Alichukua mitutu ya bunduki, akashindilia ndani yake unga wa chokaa, akaiziba kwa nguvu, akaitia tanuruni. Mitutu mingine ilipasuka. Mingine ilivuja. Akarudia, akarudia, akarudia tena, mamia ya mara, kwa miaka saba hivi. Na ile iliyoshika barabara, alipoifungua, ndani yake hamkuwa na unga. Mlikuwa na jiwe gumu, mfano wa marumaru. Mwaka 1805 aliyasoma matokeo yake mbele ya wanazuoni wa Edinburgh.

Mimi nampenda sana mtu huyu. Angeweza kubishana kwa maneno tu kama wengine. Yeye aliziba mtutu.

Basi kumbukeni mambo mawili yanayokwenda pamoja, joto na mgandamizo. Kwa kawaida, ukishuka kilometa moja ndani ya ganda la dunia joto hupanda nyuzi 25 hadi 30 hivi. Kwenye kina cha kilometa 10 mwamba una nyuzi karibu 300, na umebebeshwa uzito unaopita mgandamizo wa hewa ya huku juu zaidi ya mara 2,500. Mageuzi huanza kwenye nyuzi 200 hivi. Yakifika nyuzi 700 au 800, miamba mingi huanza kutoa jasho la magma, na hapo tunaanza kuingia kwenye kundi lingine. Kuna jiwe lililosimama mpakani kabisa, nusu limeyeyuka na nusu halijayeyuka. Linaitwa migmataiti.

Na kuna wa tatu ambaye watu humsahau: maji. Si maji ya kunyweka. Ni unyevu kidogo sana, umejibana katikati ya punje na punje, una moto mkali. Huo ndio unaobeba chembe kutoka hapa hadi pale, zile za alumini, za chuma, za silika, mpaka zinakutana na kujijenga upya. Ganeti iliyo mkononi mwenu ilijengwa namna hiyo. Hakuna aliyeiingiza. Malighafi yake yote ilikuwamo ndani ya tope tangu mwanzo. Kilichobadilika ni mpangilio. Na muda, ndugu zangu! Muda wa mamilioni ya miaka.

Sasa joto hilo linatoka wapi? Mara nyingine magma hupenya na kuichoma miamba iliyo jirani. Ukanda uliochomwa waweza kuwa wa sentimeta chache au wa kilometa moja na zaidi, na mara nyingi mna jiwe gumu jeusi lisilochanika, linaloitwa honifelsi. Huo ni mgeuko wa mguso. Lakini mgeuko mkubwa, ule wa mikoa mizima, hutokea pale mabamba ya dunia yanapogongana na kuikunja miamba kuwa milima. Tuna msemo kwamba samaki mkunje angali mbichi. Mwamba ni kinyume chake: ukiwa baridi hukatika, ukipashwa moto hukunjika. Ndiyo maana mnaona mawe yenye mikunjo kama nguo iliyovuliwa na kutupwa sakafuni. Haukuyeyuka mwamba ule. Ulikunjika ukiwa mgumu, pole pole.

Jambo la pili ni mpangilio, na hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea.

Nimeshika kipande cha sleti. Wazee wetu waliosoma zamani wanaijua: vibao vyeusi vya kuandikia shuleni vilikuwa vya jiwe hili. Pia huezekewa mapaa. Mchimbaji akiweka tindo pembeni na kugonga mara moja, jiwe linachanika ubao kwa ubao, kama kitabu. Kila mtu huona hivyo na kusema, “Ni matabaka ya tope yalivyotuama.” Je, ni kweli?

Angalieni kipande hiki. Mnaiona michirizi hii ya rangi inayopita mshazari? Hayo ndiyo matabaka ya zamani ya tope. Na je, jiwe limechanika kwa kufuata michirizi? Halikufuata. Limechanika kwa njia nyingine kabisa, likakata matabaka yale katikati. Basi kilichopanga kurasa hizi si bahari. Ni kitu kilichokuja baadaye.

Mwanasayansi Henry Clifton Sorby, wa mji wa Sheffield, Uingereza, alilifumbua jambo hilo mwaka 1853. Alisaga kipande cha sleti kikawa chembamba mpaka mwanga ukapita ndani yake, akakiweka chini ya hadubini. Siku zile kutazama mlima kwa hadubini kulikuwa jambo geni kabisa. Aliona vigamba vidogo vya maika, maelfu kwa maelfu, vyote vimelala upande mmoja. Kisha akafanya kitu ambacho ninyi wenyewe mnaweza kukifanya kesho: alichukua udongo laini, akauchanganya na vigamba vya oksidi ya chuma, akaukandamiza. Vigamba vilivyokuwa vimekaa ovyo ovyo vikageuka na kulala, ubapa wao ukiuelekea ule mkandamizo. Kurasa za sleti ni alama ya mkono uliolikandamiza jiwe. Huko Wales ipo sleti ya zambarau yenye madoa ya kijani. Madoa yaliyokuwa mviringo kama mpira sasa yamekuwa bapa kama mikate. Ukipima ubapa wa doa, unajua jiwe limebanwa kiasi gani. Limekuandikia lenyewe.

Sasa endeleeni kulipasha tope hilo na kulibana. Sleti inakuwa filaiti. Vigamba vimekua kidogo na uso wa jiwe unang’aa kama hariri, ingawa bado huvioni kimoja kimoja. Endeleeni. Filaiti inakuwa shisti, hili linalozunguka, ambalo vigamba vyake unaviona kwa macho na ganeti zimechomoza. Endeleeni tena. Maika inaanza kushindwa kuvumilia joto, feldispa na kwatsi, madini ya rangi nyeupe-nyeupe, zinajitenga na madini meusi, na jiwe linakuwa na mistari, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi. Hiyo ni naisi. Naisi yaweza pia kutoka kwenye graniti. Kaskazini-magharibi mwa Kanada, kando ya mto Acasta, iko naisi yenye umri wa miaka karibu bilioni 4, miongoni mwa miamba mikongwe zaidi inayojulikana duniani. Imepigwa, imekunjwa, imechomwa, na bado ndani yake kuna punje ndogo za madini yaitwayo zirkoni, zinazotunza umri wake.

Katika safari hiyo ya tope, kila kituo kina madini yake. Mwanajiolojia George Barrow aliliona hilo katika nyanda za juu za Uskoti, akaandika mwaka 1893. Alitembea juu ya miamba iliyokuwa tope la aina moja, na kadiri alivyosogea kuelekea kulikokuwa na moto zaidi, madini mapya yalitokea moja baada ya jingine. Waliomfuata waliukamilisha mfululizo: kloraiti, bayotaiti, ganeti, storolaiti, kianaiti, silimanaiti. Mtu akishaujua mfululizo huo, hahitaji kipimajoto. Akiokota jiwe lenye kianaiti, anajua lilifika wapi. Tope ni lilelile. Halikuyeyuka. Lilisafiri.

Je, miamba geu yote ina kurasa au mistari? Hapana. Vigamba hupangika kwa sababu ni vigamba. Kama mwamba hauna kitu bapa cha kupangika, hata ukibanwa hautachanika kama sleti. Jiwe la mchanga lina punje za kwatsi tupu. Likigeuka linakuwa kwatsaiti, punje zimeshikamana kiasi kwamba ukilivunja, ufa unapita katikati ya punje wala hauzizunguki. Ni jiwe gumu sana, na mara nyingi ndilo linalobaki kileleni wakati mengine yameliwa na mvua.

Na jiwe la chokaa linakuwa marumaru. Maganda ya konokono na viumbe wa bahari hufutika, fuwele za kalisaiti, madini ya chokaa, hukua na kujifunga pamoja. Mnajua sanamu ya Daudi, aliyoichonga Michelangelo huko Florence kati ya mwaka 1501 na 1504? Ilitoka machimbo ya Carrara. Bonge lile la marumaru lilikuwa limeanzwa na mchongaji mwingine miongo kadhaa kabla, likaachwa. Michelangelo alilikuta hivyo, akatoa humo mtu mwenye urefu wa zaidi ya meta 5. Kwa nini mavazi na ngozi vya marumaru huonekana kama vina uhai? Kwa sababu mwanga hauishii juu ya jiwe. Unaingia kidogo ndani ya fuwele, unatawanyika, kisha unarudi. Chokaa ya kawaida haifanyi hivyo. Lakini undani wake kikemia ni uleule: tone la asidi hafifu likiangukia marumaru linatoa povu, sawasawa na chokaa, na ndiyo maana sanamu zilizo nje huliwa na mvua yenye asidi.

Kuna mengine nitayataja tu nipite. Basalti hugeuka kuwa amfibolaiti, na ikizama mahali penye mgandamizo mkubwa lakini ubaridi kiasi, hugeuka kuwa shisti ya buluu, na chini zaidi eklojaiti, jiwe la kijani lenye ganeti nyekundu. Kwangu mimi hilo ndilo zuri kuliko yote.

Nimebakiwa na jambo moja, na ndilo linaloninyima usingizi kwa furaha.

Mwaka 1953 mkemia Mmarekani, Loring Coes, alikandamiza kwatsi maabara kwa nguvu kubwa mno akapata fuwele mpya, iliyoitwa kosaiti kwa jina lake. Ni silika ileile iliyo katika kwatsi, lakini imebanwa zaidi. Hakuna aliyekuwa ameiona kwenye mwamba. Mwaka 1960 ilipatikana mahali ambapo kimondo kiliipiga ardhi, huko Arizona. Mwaka huohuo mwanajiolojia Mmarekani Eugene Shoemaker alifika Nördlingen, Ujerumani, mji uliojengwa ndani ya bonde la mviringo ambalo wengi waliliita volkeno. Kanisa la mji huo limejengwa kwa jiwe la bonde hilohilo. Kosaiti ikapatikana ndani ya jiwe lile, na ubishi ukakatika: kimondo kilipiga hapo, miaka kama milioni 15 iliyopita. Huo nao ni mgeuko, mgeuko wa pigo, wa kufumba na kufumbua.

Basi watu wakaridhika kwamba kosaiti kwenye ganda la dunia ni alama ya kimondo. Mpaka mwaka 1984. Mfaransa Christian Chopin alikuwa akichunguza ganeti za Dora Maira, katika milima ya Alpi upande wa Italia. Chini ya hadubini aliona ndani ya ganeti punje ndogo ya kosaiti, imezungukwa na ukingo wa kwatsi, na kutoka kwenye punje ile nyufa zimetapakaa pande zote kama miale ya jua. Hapakuwa na kimondo. Tafsiri yake ni nini? Mwamba ule, ambao zamani ulikuwa juu ya ardhi, ulizama hadi kina cha kilometa 90 au zaidi. Halafu ukarudi! Ulipopanda, kosaiti ikataka kutanuka na kuwa kwatsi, ganeti ikaikatalia, ikaishikilia mpaka ikapasuka yenyewe.

Na hapa mtaniuliza, na mna haki: kama mwamba hugeuka ukishuka, mbona ukipanda haugeuki tena ukawa tope? Turudini kwenye chungu chetu: kikishachomwa, hakirudi kuwa udongo. Mwamba nao ni hivyo. Ule unyevu uliokuwa ukibeba chembe ulikwisha kufukuzwa na moto wakati wa kushuka. Wakati wa kupanda, joto linapungua na mbebaji hayupo. Sehemu chache hugeuka kinyumenyume, pale maji yanapopata ufa wa kuingilia, lakini sehemu kubwa hubaki kama ilivyokuwa kwenye moto mkali zaidi. Na kwa kuwa haukuyeyuka, haujafuta yaliyotangulia. Mnakuta michirizi ya tope, alama ya mkandamizo, ganeti ya kina kirefu na ukingo wa kina kifupi, vyote ndani ya kipande kimoja cha kushika mkononi.

Muda wangu umekwisha. Jiwe letu liko wapi? Naona limefika safu ya mwisho. Wewe uliyelishika, tafadhali lilete hapa mezani. Kuna lenzi tatu, na ganeti moja tumeikata katikati na kuing’arisha. Njooni watatu watatu, mtazame yaliyomo ndani yake, kisha mniambie mmeona nini.

Asanteni sana.